Ujumbe wa Mbegu Ulikuwa Mfukoni Mwetu

Maneno ya Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

 

Kwa kawaida Kamati ya Fedha husimama mbele yenu kusoma mapato, matumizi na salio, kisha hukaa. Leo mezani mnazo karatasi za hesabu, na hatutazisoma zote. Tumeomba dakika chache tuwaeleze kwa nini mwaka juzi michango yetu kwa shirika la wakulima la kule nyumbani Lushoto ilipungua hadi viongozi wake wakafikiria kufunga ofisi, na namna vijana watano wa chuo kikuu walivyotuonyesha kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Shirika hilo mnalijua. Halifanyi biashara wala haligawani faida. Linatafuta mbegu safi za viazi mviringo, linaotesha miche, na linawafundisha watu wetu namna ya kulinda udongo kwenye miteremko ile ambayo mvua moja kubwa yaweza kuiacha mawe matupu. Kabichi, karoti na nyanya zinazoteremka usiku kwenye malori kupitia Soni na Mombo hadi masoko ya hapa mjini zinatoka kwenye mashamba ya watu hao. Wengi wetu humu ndani tulisomeshwa na mashamba hayo.

Sasa sikilizeni lilikokuwa tatizo. Tulipoona michango inashuka, tuliliandikia shirika barua tukitaka maelezo. Tulijibiwa kwa ripoti ya kurasa 41, kwa Kiingereza, iliyoandaliwa kwa ajili ya mfadhili wa nje. Sisi ni wahasibu, kusoma yasiyosomeka ndiyo kazi yetu, lakini tunakiri kwamba hata sisi tuliishia ukurasa wa 9. Vitabu vya shirika vilikuwa safi na mkaguzi hakuwa na hoja. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka taarifa ya kazi na ya fedha kila mwaka, nao walikuwa wameitimiza. Hata hivyo mchangiaji hakujua shilingi yake ilikwenda wapi, na mkulima hakujua mbegu inakuja lini. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumejifunza kwamba hata daftari likiwepo, habari yaweza kukosekana.

Ndipo mmoja wa wanachama wetu, ambaye mwanawe anasoma chuo kikuu, alipotoa wazo. Wanafunzi hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na shirika linatafuta mtu wa kulisaidia kusema na watu wake. Kwa nini wasikutanishwe? Wakapatikana watano: wawili wa ugani, wawili wa mawasiliano ya umma na mmoja wa teknolojia ya habari. Chama kililipa nauli na chakula, familia za nyumbani zikawapa malazi, nao wakakaa wiki nane.

Walifika na mpango wao tayari. Walitaka kutengeneza tovuti, kufungua kurasa za mitandao ya kijamii na kubuni nembo mpya. Katibu wa shirika, mama ambaye ameifanya kazi hiyo miaka mingi, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza: "Wanangu, hiyo tovuti ataisoma nani, na kwa simu ipi?" Vijana wakanyamaza. Kesho yake wakaanza kutembea.

Kwa wiki mbili walipita vitongojini na maswali matatu tu: mara ya mwisho ulipata taarifa ya shirika lini, ulipewa na nani, na ukaifanyia nini? Majibu yake hayakuwemo kwenye ripoti yetu ya kurasa 41. Taarifa zinazofika, walikuta, hupita kwenye vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, kwenye matangazo ya msikitini baada ya swala na kanisani baada ya ibada, kwenye duka la pembejeo, na kwa vijana wa bodaboda siku ya gulio. Tangazo la shirika lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa ofisi. Anayeishi juu kule Mtae angelisoma akiwa tayari amefika ofisini, yaani akiwa hana haja nalo tena.

Wakauliza kuhusu simu. Shirika lilikuwa na orodha ya namba 214, na kila mbegu zilipofika lilituma ujumbe kwa namba zote. Vijana waliipigia kila namba, moja baada ya nyingine. Namba 61 hazikupatikana kabisa. Nyingine zilikuwa laini zilizofungwa wakati wa usajili wa alama za vidole. Namba 105 zilipokelewa na mkulima mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake. Na namba 48, ndugu zetu, zilipokelewa Mbagala, Kimara, Tandika, Tanga na Arusha. Zilipokelewa na sisi.

Mnaelewa ilivyokuwa. Mama alipokwenda kujiandikisha hakuwa na simu, au hakuikumbuka namba yake, akatoa namba ya mwanawe wa mjini, kwa sababu ndiyo namba aliyoijua kwa moyo. Tangu siku hiyo ujumbe wa mbegu ukawa unalia mifukoni mwetu. Siku tuliposomewa matokeo hayo kwenye kikao cha kamati, mmoja wetu alitoa simu yake, akatafuta, akazikuta jumbe tatu za misimu mitatu. Alidhani ni matangazo ya biashara. Kikao kilikaa kimya, kwa sababu hakuwa peke yake.

Hasara yake haimo kwenye vitabu vyetu, lakini ipo. Mbegu za viazi hazingoji. Zikichipua sana ghalani huharibika, kwa hiyo zisizochukuliwa hupewa wengine. Mama mmoja aliwaambia vijana kwamba alisubiri, kisha akapanda viazi vilivyobaki jikoni, kwenye kipande kilekile kilichokuwa na mnyauko. Alivuna visivyojaza debe. "Nilijua nimesahauliwa," alisema. "Mkutano uliofuata sikwenda." Huyo ndiye tuliyemwandika kwenye taarifa zetu kama mwanachama asiyeshiriki.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka habari ya matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Usambara, tangu Mlalo, kulima matuta kwenye miteremko. Nia ilitajwa kuwa ni kulinda udongo, na udongo kweli ulikuwa unakwenda. Lakini watu waliamriwa bila kuulizwa, kazi ikawaelemea zaidi akina mama, wakakataa, na mpango ukaanguka. Baadaye, kuanzia mwaka 1981, mradi wa SECAP ulikuja na miti na mistari ya majani ya guatemala yanayozuia udongo na kulisha ng'ombe wa zizini. Mkulima alipoona majani yale yanarudi nyumbani kama maziwa, hoja ya udongo ilieleweka. Mlima ni uleule na mvua ni ileile, ila safari hii mtu aliona faida yake ndani ya jambo. Sisi tulikuwa tumerudia kosa la kwanza kwa adabu zaidi: hatukumlazimisha mtu, tulimsemesha tu kwa njia isiyomfikia.

Vijana wakaanza kurekebisha. Kwanza orodha. Iliandikwa upya nyumba kwa nyumba, na sasa kila mwanachama ana namba mbili: yake na ya jirani anayemwamini. Pili ujumbe wenyewe. Ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160, na ule wa zamani ulimaliza nafasi hiyo kwa salamu na jina refu la mradi. Wa sasa unasema: "Mbegu za viazi zipo ofisini Alhamisi na Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Njoo na gunia. Kama huwezi, mtume jirani mwenye kadi yako." Maneno hayohayo husomwa msikitini, kanisani na kwenye vikundi vya akina mama.

Tatu, mafunzo. Kipeperushi cha mnyauko kilikuwa na jina la Kilatini la ukoo wa mimea na aya mbili ambazo hata sisi hatukuzielewa. Vijana wa ugani wakakipeleka guloni kwa njia nyingine: glasi ya maji safi juu ya meza. Unakata kipande cha shina la kiazi kilichonyauka, unakining'iniza ndani ya maji bila kutikisa, unangoja dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, usitumie viazi vyake kama mbegu, na kwa misimu kadhaa usipande hapo viazi, nyanya, bilinganya wala hoho, maana wote ni ndugu na ugonjwa wao ni mmoja. Panda mahindi. Watu walijaa pale mezani, na wiki iliyofuata baadhi walikuja na mashina yao wenyewe. Kipeperushi kipya kina picha ya glasi ile na mistari minne.

Nne, fedha, na hapo tuliingia sisi. Tulikaa na katibu tukatengeneza taarifa ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kazi iliyofanyika. Hubandikwa ofisini, husomwa mkutanoni kwa sauti, na nakala hutumwa kwetu kila robo mwaka. Ripoti ndefu ya mfadhili inaendelea kuandikwa, kwa kuwa ni haki yake. Ukurasa huu ni haki yenu.

Si kila jambo lilifaulu. Kundi la WhatsApp walilofungua lilijaa video na mialiko ya harusi ndani ya siku tatu, tangazo la miche likazama humo. Sasa katibu peke yake ndiye anayeweza kuandika, na wapo waliojitoa kwa kuchukia. Tovuti haikutengenezwa. Na wiki nane zilipokwisha vijana walirudi chuoni, kama ilivyopaswa. Orodha ya namba haikai sahihi yenyewe: watu hubadili laini, huhama, hufariki. Katibu ni mmoja na kazi zake ni nyingi. Tukiiacha hivi, baada ya misimu miwili tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Kwa hiyo ombi letu mwaka huu ni hili. Posho ya kijana mmoja wa nyumbani, aliyemaliza kidato cha nne, atakayeshughulikia orodha na matangazo siku mbili kwa wiki: shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Ujumbe wa simu, 240,000. Uchapishaji wa vipeperushi na mabango, 400,000. Nauli na chakula cha wanafunzi wa awamu ya pili, 1,200,000. Jumla ni shilingi 2,800,000. Tugawane humu ndani. Si mzigo wa mtu mmoja. Mwakani, panapo majaliwa, tutasimama hapa na ukurasa mmoja, na mtatuuliza kila mstari.

Lakini lipo ombi la pili, ambalo halihitaji pesa. Kabla hujatoka ukumbini leo, fungua simu yako, utafute jumbe za shirika. Ukizikuta, mpigie mama usiku huu. Mwulize anatumia namba gani na jirani yake ni nani, kisha mpe katibu wetu aliyekaa pale mlangoni na daftari. Na mpaka orodha itakapokamilika, ukipokea ujumbe unaotaja mbegu, miche au mkutano, usiufute. Ni wa mtu, na mtu huyo anaungoja.

Mmoja wetu, yule wa jumbe tatu, alimpigia mama yake jioni ya kikao kile. Msimu uliofuata mama alipata mbegu. Juzi ametuletea kamati nzima ndoo ya viazi, kwa basi la kutoka Lushoto, na kikaratasi juu yake: hesabuni.

Tumehesabu.