Jirani, Nisaidie na Simu Hii

Wasikilizaji wa Kasenga na kandokando ya mto Luapula, leo tunasema na vijana wanaojua simu.

Kipindupindu hapa kwetu hakisubiri, na vijiji vingine vya wavuvi viko mbali na kituo cha afya. Reko, wale wajitolea wa afya, hupita nyumba kwa nyumba. Taarifa za vituo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya nchini Kongo. Habari ikichelewa, msaada nao huchelewa.

Kwa hiyo, kijana, mwendee muuguzi mkuu wa kituo chako, ujitolee kuwasaidia majirani na simu zao. Msomee mama ujumbe wa afya aliotumiwa. Mwonyeshe mzee namna ya kuhifadhi namba ya kituo na kuipiga. Shika mambo matatu: mwenye simu abonyeze mwenyewe, ili kesho ajue; namba yake ya siri usiiulize; ugonjwa wake usiutangaze.

Na mtu akiharisha maji maji, usipoteze muda kutafuta majibu kwenye simu. Mnyweshe maji ya SRO, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, kisha mpeleke kituoni mara moja.