Presha Inapimwa, Deni Halipimwi

Tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la Novemba 2024 mlilisikia. Programu 69 za mikopo ya simu zilikuwa hazina leseni, tusizitumie. Majina yalitajwa. Kinachotusumbua sisi ni mwili wa mkopaji, ambao haukutajwa popote.

Piteni soko la Mlandege asubuhi. Mama anashusha tenga la nyanya, simu ameifunga kwenye pindo la khanga. Inaita. Namba ngeni, huenda ni mdai. Kabla hajapokea, moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, tumbo linakata. Hajalogwa. Ubongo umeona hatari, na tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini na kotisoli. Damu inahama tumboni kwenda kwenye misuli, kana kwamba anakimbizwa na mbwa. Ndiyo maana mmoja chakula hakimshuki, mwingine anaharisha. Lakini mbwa huchoka. Mdai hachoki: atapiga mchana, atapiga usiku, atamtumia ujumbe shemeji yako na mchungaji wako. Mishipa ya fahamu haitulii, usingizi unapotea, presha inapanda.

Anakwenda kupima. Presha inapimwa, deni halipimwi. Anaambiwa apunguze chumvi. Hakuna anayemuuliza: mama, unadaiwa?

Mwenzake tumbo linamuuma. Dukani anaambiwa ni vidonda, ni mawazo, anauziwa dawa. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Ugunduzi huo uliwapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na baadhi ya vidonge vya maumivu anavyomeza kila siku kutuliza kichwa. Mawazo huzidisha maumivu hayo. Basi apimwe tumbo, na aulizwe deni. Presha inapimwa, deni halipimwi!

Hata programu zikifungwa leo, kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, bado wanazunguka vibandani na madaftari yao. Halmashauri, ile mikopo isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, imfikie muuza nyanya kabla kausha damu hajamfikia. Madaktari na wauguzi, ulizeni deni! Nawe mama wa Mlandege, usikae kimya na deni. Mwambie mwenzi wako, waambie wenzako wa kikundi, mwambie daktari. Wakikutishia, usifute ujumbe: peleka simu polisi. Nenda kapime presha, na ukifika, litaje deni!