Ulisaidiwa Ukiwa Mtoto? Hilo Lisikufungie Lango la Jeshi

Vijana wenzangu wa Myanga, pamoja na nyinyi wa Bungoma mjini na Kitale.

Kila KDF wakitangaza usajili, kuna swali naulizwa kando, kwa sauti ya chini: "Ndugu, nikiwa mdogo nilipelekwa kwa mshauri nasaha. Si watanikata?"

Tuanze na tunayoyajua. Tangazo la makurutu hutaka raia wa Kenya wa miaka 18 hadi 26, asiye na rekodi ya uhalifu, na mwenye afya inayofikia viwango vya jeshi. Kuongea na mshauri si uhalifu. Na afya ya kupimwa iwe ya leo, si ya utotoni.

Kumbukeni hapo juu Mlima Elgon. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulizaa SLDF. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yalilaumu pande zote mbili kwa kutesa raia. Mtoto aliyezaliwa 2003 alikuwa na miaka 5 tu. Kama aliona baba yake akiburutwa nje usiku, halafu mtu akamketisha, akamsikiliza mpaka akaweza kulala tena, hilo ni doa? Mimi naona huyo ni salama kuliko aliyefungia yote kifuani, kisha akapewa bunduki.

Sisemi kila mtu apite. Silaha ni amana. Aliye mgonjwa sasa aamuliwe na daktari, na akikataliwa aambiwe sababu. Lakini Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa msingi wa hali ya afya, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Si za kutangazwa uwanjani mbele ya watu.

Nawaomba mawili. Ukiulizwa na daktari wa jeshi, usidanganye. Sema: nilisaidiwa, nikapona. Ukiweza, beba barua ya mshauri wako.

La pili: usimzuie mdogo wako kuonana na mshauri eti atakosa kazi kesho. Nafasi za jeshi ni za wachache. Akili yake ataishi nayo maisha yote.