Kukaa ao Kurudi: Neno kwa Wageni na Wenyeji wa Tenke



Katika siku hizi za jubilei nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hunijia nalo baada ya katekisimu, wakisimama mlangoni kama wenye deni: «Mwalimu, nikae hapa, ao nirudi kwetu?» Ulizo hili si dogo, na Tenke yenyewe ilizaliwa nalo.

Nchi hii ni ya Wasanga. Sisi wengine tuliletwa na chuma. Gari la moshi lilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Likapita hapa hata Bukama mwaka wa 1918. Na njia ya Dilolo, iendayo mpaka bahari ya Lobito, ikakamilika mwaka wa 1931. Tangu hapo sisi ni watu wa njia panda, na watu wa njia panda wana desturi moja mbaya: husikiliza firimbi daima.

Wazee wa kwanza waliitwa kazini kwa mikataba mifupi, wake zao wakibaki vijijini. Katika miaka ya 1920 Union Minière ikaanza kuwataka waje na jamaa zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Haikufanya hivyo kwa mapendo. Ilihesabu faida yake. Lakini mwanamke alipopanda muhogo nyuma ya nyumba ya kambi, mkataba uligeuka kuwa maisha, na hilo kampuni haikuliandika popote.

Tena, tusifikiri kwamba ugeni ulianza na gari la moshi. Msiri, aliyeuawa mwaka wa 1891 huko Bunkeya, alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Leo Wayeke wana machifu wao na makaburi yao hapa hapa Lualaba. Hata Kiswahili hiki ninachowasemesha ni mgeni aliyepewa kiti.

Lakini nisipake mambo asali. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, ndiyo wadudu. Walilala vituoni kwa majuma na miezi wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa pale pale, hasa watoto. Kati yao walikuwamo wengi waliozaliwa Katanga, wasioijua Kasai ila kwa hadithi za baba zao. Walipofika Mwene-Ditu ao Mbuji-Mayi walijikuta wageni mara ya pili. Kwa hiyo simwahidi mtu kwamba akikaa ataachwa kwa amani. Neno hilo halimo mikononi mwangu.

Ninaloweza kusema ni hili. Aliyekaa miaka kumi bila kupanda mwembe, akisema kila mara «mwaka kesho nitaenda», huyo hakukaa Tenke wala hakukaa kwao. Utulivu wa moyo haumtangulii mtu. Humfuata akiisha kujifunga: kwa shamba, kwa jirani mgonjwa aliyemlinda usiku, kwa mtoto wa mwingine aliyemsimamia katika ubatizo. Tangu mgodi wa Tenke-Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka wa 2009, vijana wanafika bila kukoma. Mwaka wa 2016 mgodi ulitoka mikononi mwa Wamarekani ukaingia mikononi mwa Wachina. (Wale wahandisi walio nyuma ya uzio, mbali na wake zao, nao wanahesabu miezi, ninawahurumia.)

Wala asikae mtu kwa ajili ya haya tu. Wako wanaobaki kwa kuwa mfuko ni mtupu na wanaogopa macho ya kwao. Huyo ningemwambia arudi upesi. Mama anamngoja yeye, si masanduku yake.

Nanyi wenyeji, mna haki ya kuuliza: huyu amekuja kuishi nasi, ao kula nchi na kwenda? Mashamba yamepungua, na neno hili linauma. Ulizeni, lakini mwulizeni mtu mwenyewe, si kabila lake.

Abrahamu aliahidiwa nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichokuwa nacho kilikuwa cha kumzika Sara. Wahiti walitaka kumpa bure; yeye alikilipa shekeli 400 za feza, mbele ya watu wote langoni. Mgeni aliyejua kukaa.

Katika makaburi yetu ya zamani wamelala Wasanga, Waluba, Walunda, Wabemba na Wachokwe, bega kwa bega, na majani yamewafunika wote. Jumamosi ijayo, baada ya Missa ya asubuhi, tutafyeka huko. Mwenye jembe alilete. Na asiye na mzee wake pale, aje vilevile. Yako makaburi yasiyo na mtu.