Jina Kamili la Kipande: Namna ya Kuchagua Ubao Mama na RAM za Kompyuta ya Mezani

Mada iliyowasilishwa kwa wananchi wa Isongole, Wilaya ya Rungwe



Tunafahamu kwamba kwa mkulima wa viazi siku moja si kitu kidogo, hivyo tutasema yale tu yenye manufaa. Mezani tumeweka vitu sita: ubao mmoja wa kompyuta na vijiti vitano vya kumbukumbu. Vitapita mikononi mwenu, kwa kuwa tungependa kila mmoja aondoke hapa akiwa amevishika na kuvisoma.

Siku hizi wananchi wengi hawanunui kompyuta nzima. Hununua vipande, kimoja leo na kingine baada ya mavuno, kisha fundi huviunganisha. Utaratibu huu ni mzuri, kwa maana fedha hutoka kidogo kidogo, na kipande kikiharibika hubadilishwa peke yake. Lakini una sharti lake. Anayenunua kompyuta nzima hununua kitu ambacho kiwanda kimekwisha kuhakikisha kwamba sehemu zake zinapatana. Anayenunua vipande hujitwisha mwenyewe kazi hiyo ya kiwanda.

Tuchukue mfano. Vijana watatu wameuza viazi vya msimu, wamekubaliana kufungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi kando ya barabara hii ya kwenda Tukuyu. Mmoja wao anakabidhiwa fedha na kwenda Mbeya mjini. Ubao anaupata duka la kwanza, prosesa duka la pili, na RAM anaiagiza Kariakoo, inakuja kwa basi. Kila muuzaji anamwambia kuwa kipande chake ni kizima, na kila mmoja anasema kweli. Jioni wanaunganisha na kuwasha. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi. Hakuna aliyewaibia. Vipande vyote ni vizima, ila havikuundwa kukaa pamoja. Jasho la msimu mzima limelala ndani ya kasha lisilosema neno.

Mada yetu inahusu kuepuka jioni ya namna hiyo.

Anza na kazi, malizia na RAM

Kosa la kwanza ni kuanza na kile kilichopatikana kwa bei nafuu. Mpangilio sahihi ni huu: kwanza amua kazi ya kompyuta; kazi itakuonyesha prosesa; prosesa itakuonyesha ubao; na ubao utakuonyesha RAM. Ukigeuza mpangilio huu, kila kipande utakachonunua kitakupunguzia hiari ya kuchagua kinachofuata.

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ndio msingi wa nyumba. Hapo katikati mnaona mraba wenye vitundu au vijipini vingi. Hiyo ndiyo soketi, na ndipo prosesa inapokaa. Kila soketi ina jina. Za Intel huitwa kwa mfano LGA1151, LGA1200 na LGA1700. Za AMD ni kama AM4 na AM5. Prosesa ya AM4 haikai kwenye AM5, na ya LGA1200 haikai kwenye LGA1700.

Hata hivyo, soketi kulingana peke yake hakutoshi. Upo mtego ambao umewanasa wengi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, cha 7, cha 8 na cha 9 zote hutumia soketi inayoitwa LGA1151. Ukichukua prosesa ya kizazi cha 8, kama Core i5-8400, ukaiweka kwenye ubao wenye chipuseti ya H110, itaingia vizuri kabisa, lakini kompyuta haitawaka inavyotakiwa. Kizazi cha 8 kinahitaji ubao wa mfululizo wa 300, kama H310 au B360. Kwa hiyo muulize muuzaji mambo mawili, soketi na chipuseti, na yote mawili yawe yameandikwa.

Mtego huu una mkia. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au mpya zaidi, au AMD Ryzen kuanzia takriban mfululizo wa 2000, pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0. Mbao za zamani hazishindwi kufanya kazi, na anayetumia Linux anaweza kuzifurahia kwa miaka mingi. Lakini anayenunua ubao wa H110 leo kwa matumaini ya kuweka Windows 11 ajue kwamba bei nafuu aliyoipata ina sababu yake.

Kwa upande wa AMD, tahadhari ni nyingine. Ubao wa AM4 wenye chipuseti ya B450 ulitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza kutoka mwaka 2020. Mbao nyingi za B450 zinazipokea, ila sharti BIOS, yaani programu ndogo iliyo ndani ya ubao, iwe imesasishwa. Kazi hiyo ifanyike dukani kabla hujaondoka. Ukifika nyumbani na BIOS ya zamani, mara nyingi kompyuta haitatoa picha ya kukuwezesha kuisasisha.

Mwisho, pima kasha. Ubao wa ATX una urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244. Wa Micro-ATX una milimita 244 kwa 244. Wa Mini-ITX una 170 kwa 170. Ubao mdogo huingia katika makasha mengi makubwa, lakini mkubwa hauingii katika kasha dogo.

Vijiti vitano

Sasa tuvitazame vijiti. Vitatu vya kwanza vina urefu ule ule, zaidi kidogo ya sentimita 13. Kimoja ni DDR3, aina iliyoingia sokoni mwaka 2007. Cha pili ni DDR4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014. Cha tatu ni DDR5, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida mwaka 2021. Viwekeni sambamba, mtazame pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo wenye meno ya rangi ya dhahabu. Kila kimoja kina pengo lake mahali tofauti. Limekatwa hivyo kwa makusudi ili kijiti cha aina moja kisiingie katika mlango wa aina nyingine. Kikikataa kuingia, usikilazimishe, kinakuambia ukweli.

AM4 hutumia DDR4 pekee, na AM5 hutumia DDR5 pekee. LGA1700 ndiyo inayochanganya watu: ubao wa B660, kwa mfano, upo wa DDR4 na upo wa DDR5, na hakuna unaopokea zote mbili kwa pamoja katika matumizi ya kawaida. Mara nyingi ule wa DDR4 huandikwa D4 au DDR4 mwishoni mwa jina lake. Herufi na tarakimu hizo mbili zinaweza kuokoa nauli ya kwenda Mbeya na kurudi.

Kijiti cha nne ni kifupi, karibu nusu ya vile vingine. Hiki ni cha kompyuta mpakato na hakiingii katika ubao wa kawaida wa mezani.

Kijiti cha tano kina hila zaidi. Ni DDR4, urefu ni ule ule, pengo ni lile lile, nacho kinaingia bila shida. Lakini kimetoka kwenye seva, na ubao wa kawaida wa nyumbani hauwezi kukitumia. Vijiti vya namna hii hupatikana vikiuzwa kwa bei ya kuvutia, kwa kuwa seva zilizostaafu ni nyingi. Utavitambuaje? Someni lebo. Kwenye hiki cha mezani mtaona PC4-2666V, na baada ya hapo herufi U. PC3 maana yake ni DDR3, PC4 ni DDR4, na PC5 ni DDR5. Herufi U inayofuata kasi huonyesha kijiti cha kompyuta ya mezani, S ni cha mpakato, na R ni cha seva. Lebo za aina hii ziko kwenye vijiti vingi, hasa vilivyotolewa katika kompyuta za maofisini. Pale zisipokuwapo, jina kamili la kijiti hutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kiasi gani kinatosha?

Kwa duka la barua na fotokopi, gigabaiti 8 zinatosha kuanzia. Kwa anayetengeneza kadi za harusi, mabango na picha, tunashauri 16. Kwa anayehariri video, 32. Kiwango cha chini ambacho Microsoft inakitaja kwa Windows 11 ni gigabaiti 4, lakini kwa kazi ya biashara kiwango hicho kitakuchosha wewe na mteja wako.

Vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida hufanya kazi kwa wepesi zaidi kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa ubao husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Lakini kama fedha inatosha kijiti kimoja tu, nunua kimoja, uache mlango wa pili kwa ajili ya msimu ujao. Ukirudi kununua cha pili, chukua cha aina, ukubwa na kasi ile ile. Ndiyo maana jina la kile cha kwanza lazima liwe limehifadhiwa. Wala usilipie kasi ambayo ubao wako haiwezi: kijiti cha 3200 kwenye ubao unaoishia 2666 kitafanya kazi kwa 2666.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa sababu viwanda vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde. Bei inapopanda, vishawishi navyo huongezeka. Ukikuta RAM inauzwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine, usifurahi kabla hujasoma lebo.

Jaribu, kisha andikisha

Ukinunua dukani, omba ubao, prosesa na RAM viunganishwe na kuwashwa mbele yako. Fungua ukurasa wa BIOS, usome jina la ubao, jina la prosesa na jumla ya kumbukumbu. Uliambiwa gigabaiti 16, isomeke 16. Kama Windows imekwisha kuwekwa, kuna kipimo cha kumbukumbu ndani yake. Kiacheni kiende hadi mwisho. Mkitoka na kipande katika baridi ya Isongole na kukiingiza ndani penye joto, kipumzisheni kwanza ili unyevu ukauke kabla ya kukitia umeme.

Ukiagiza kutoka mbali, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, omba picha ya lebo kabla ya kutuma fedha. Mwandikie muuzaji ujumbe ukitaja prosesa na ubao ulio nao, umuulize kama kipande chake kinapatana navyo. Jibu lake lihifadhi.

Kisha dai risiti, na kwenye risiti au karatasi iliyoambatana nayo liandikwe jina kamili la kipande. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Risiti iliyoandikwa "RAM moja" inathibitisha tu kwamba ulitoa fedha. Risiti iliyoandikwa "RAM DDR4, gigabaiti 8, 2666, ya kompyuta ya mezani" inathibitisha ulichoahidiwa. Tofauti ya risiti hizi mbili ndiyo tofauti ya mlalamikaji anayesikilizwa na anayelalamika tu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayamwondolei wajibu huo. Ukipewa kisicholingana, mrudie muuzaji mapema, ukiwa na kipande, risiti na ujumbe wake. Wengi humalizana hapo kwa heshima. Ikishindikana, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani, na ukishuku kwamba bidhaa ni bandia, toa taarifa huko huko.

Lakini tuseme ukweli: sheria inamlinda aliyeahidiwa kitu kimoja akapewa kingine. Aliyeomba kipande kisichofaa na akapewa hicho hicho alichoomba, hoja yake ni dhaifu. Wale vijana watatu wa mfano wetu wangekuwa na la kusema kama wangeuliza kabla na kuandikisha jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari, andika mistari mitano kwenye karatasi: kazi ya kompyuta, jina kamili la prosesa, soketi na chipuseti ya ubao, aina, ukubwa na kasi ya RAM, na vipimo vya kasha. Karatasi hiyo mwonyeshe kila muuzaji. Muuzaji mwema ataifurahia, kwa kuwa inamlinda naye pia dhidi ya ugomvi.

Vijiti sasa vianze kupita kwa walioketi nyuma. Kila anayekipokea akisome kwa sauti, aseme ni cha mezani, cha mpakato au cha seva, kisha ampe jirani yake.