Mdagu Ubaki Porini, Mbegu Ndiyo Ije Nyumbani



Kiangazi kikikolea, nyika ya Voi huonekana kama imekufa. Migunga imepukutika na nyasi zimegeuka rangi ya vumbi. Huo ndio wakati mdagu huchanua: pengine hauna hata jani moja, lakini matawi yamejaa maua mekundu na ya waridi. Maji yake umeyaweka akiba katika shina lililofura kama mtungi.

Wengi huuita waridi la jangwani, ingawa si waridi kwa ukoo. Jamaa yake mmoja hapa pwani ni mbungo, ule wenye matunda ya kuliwa. Wataalamu huuita Adenium obesum: neno la kwanza latokana na Aden, bandari ya Yemen, na la pili maana yake ni mnene. Hapo hakuna wa kubisha.

Shina hilo hilo ndilo linaloponza mdagu. Anayetaka kupamba ua au lango la hoteli huona njia ya mkato: jembe, gari, basi. Lakini unene ule ni kazi ya miaka mingi. Tena mdagu mara chache huzaa kwa chavua yake wenyewe. Huhitaji mwenzake karibu, na wadudu wa kupeleka chavua. Ukibaki mmoja mlimani baada ya wenzake kung'olewa, utachanua kila mwaka bila kuacha mtoto.

Mbegu ni rahisi zaidi. Tunda ni jozi ya maganda mfano wa pembe, na kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili ili upepo uichukue. Maganda yafungwe uzi kabla hayajapasuka, zichukuliwe chache, nyingine ziachiwe upepo. Zipandwe katika kopo lililotobolewa chini, kwenye mchanga wenye mbolea kidogo. Kwa joto la Voi huota kwa takriban wiki moja. Maji yawe haba, maana mizizi huoza upesi. Ua la kwanza huweza kuonekana baada ya mwaka mmoja au miwili. Tawi likichomekwa hushika pia, ila mara nyingi halifanyi shina nene.

Tahadhari kwa wenye watoto: utomvu wake ni sumu ya moyo, ndiyo maana wawindaji wa zamani waliupaka mishale. Anayekata tawi anawe mikono.

Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na humo kuchukua mmea bila idhini ni kosa. Mbegu zitafutwe shambani kwa mwenyewe, au kwa jirani baada ya kumwomba. Mwenye mdagu mmoja kwenye chungu ausogeze karibu na wa jirani wakati wa maua.