Vipandikizi vinavyotanuka na diski za mgongo zilizoharibika: kinachotatuliwa na kisichotatuliwa



Nimeombwa nizungumzie vipandikizi vya mgongo vinavyoingizwa mwilini vikiwa vimefumba, kisha vikatanuliwa vikiwa ndani. Wengi wenu mnafanya kazi wodini, kwenye fiziotherapia au kwenye stoo ya vifaa tiba, na si ajabu mmeshakutana na mgonjwa aliyeona picha kwenye simu akataka "diski mpya, ile inayojipanua". Msimamo wangu nautoa mapema ili mpate kunibana wakati wa maswali. Kipandikizi cha aina hii ni jibu zuri kwa shida ya mpasuaji, yaani kupitisha kitu kinene kwenye njia nyembamba. Kwa shida ya diski yenyewe, na ya mfupa utakaokibeba, ni jibu la nusu.

Diski yenyewe

Mtu mzima ana pingili 24 za mgongo zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Diski ni 23, kwa kuwa pingili mbili za juu kabisa hazina diski kati yao. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, kikazungukwa na pete ya nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikatiza mwelekeo wa lile lililo jirani. Juu na chini kuna bamba jembamba la gegedu linaloiunganisha na mfupa. Naomba mlikumbuke bamba hilo, maana tutalirudia.

Maji ya kiini hushikiliwa na molekuli ziitwazo proteoglikani. Mchana uzito wa mwili huyakamua kidogo kidogo, na usiku mtu akilala yanarudi. Ndiyo maana ukimpima mtu asubuhi utamkuta mrefu kuliko jioni, tofauti ikifikia sentimita moja au zaidi. Kwa maneno mengine, diski tuliyozaliwa nayo hutanuka na kusinyaa kila siku, tena bila skrubu.

Udhaifu wake ni lishe. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu isipokuwa pembezoni. Chakula chake hupenya polepole kupitia lile bamba. Bamba likichakaa, seli hukosa lishe, proteoglikani hupungua, maji hupungua na kimo cha diski hushuka. Pete ikipasuka, kiini huchomoza nyuma na kubana mzizi wa neva, na mgonjwa hueleza maumivu yanayotoka takoni hadi chini ya goti. Uhusiano huo, ambao leo kila mwanafunzi wa udaktari anaujua, ulielezwa kwa uwazi mwaka 1934 na Mixter na Barr, wapasuaji wa Boston, Marekani.

Hapa niingize neno ambalo wauzaji wa vifaa hawalipendi. Wagonjwa wengi ambao diski imewachomoka hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kujongea. Wasiosubiri ni wale ambao mkojo umezuilika, wanaohisi ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ambao mguu unazidi kulegea. Hao wapelekwe kwa mpasuaji siku hiyo hiyo.

Mpira wa chuma na kikapu cha farasi

Katika miaka ya 1950 mpasuaji wa Uswidi, Ulf Fernström, alianza kuweka mpira mdogo wa chuma kisichoshika kutu mahali pa kiini kilichotolewa. Wazo lilikuwa rahisi: mpira unabeba uzito na pingili zinaendelea kujongea juu yake. Alifanya hivyo kwa wagonjwa zaidi ya 100. Tatizo lilionekana baada ya muda, kwa kuwa mpira hugusa bamba kwenye eneo dogo sana na mgandamizo wote hukusanyika hapo. Katika wagonjwa wengi mpira ulizama ndani ya mfupa, na kimo kilichopatikana kikapotea.

Njia ya pili ilikuwa kuacha kabisa kutafuta mjongeo. Ralph Cloward, akiwa Honolulu katika miaka ya 1940, alitoa diski kwa kupitia nyuma na kujaza nafasi kwa vipande vya mfupa ili pingili mbili ziungane ziwe moja. Vipande hivyo viliweza kuvunjika au kuhama. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, daktari George Bagby wa jimbo la Washington alishirikiana na madaktari wa mifugo kutibu farasi wanaoyumba kwa sababu uboho wa mgongo umebanwa shingoni. Walitumia kikapu cha chuma chenye matundu, kikubwa kidogo kuliko shimo lake, kikajazwa mfupa. Kikapu kilisukuma pingili mbali, kano zilizozishikilia zikakaza, na mfupa ukaota kupitia matundu. Kizazi cha binadamu cha kikapu hicho, kiitwacho BAK, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Vikapu vya aina hiyo ndivyo tunavyoviita keji, na keji zote tunazotumia leo, zinazotanuka na zisizotanuka, ni wajukuu wa kifaa cha farasi.

Wakati huo huo, katika hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, Karin Büttner-Janz na Kurt Schellnack walibuni diski bandia yenye mabamba mawili ya chuma na kiini cha plastiki kinachoteleza. Iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1984. Büttner-Janz, kwa wasiomfahamu, ndiye yule mwanasarakasi aliyetwaa medali mbili za dhahabu za Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, hivyo mgongo wa binadamu aliujua pande zote mbili. Diski yake iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 baada ya jaribio lililowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na kifaa walicholinganisha nacho kilikuwa BAK.

Ninawakumbusha historia hii ili tutenganishe mambo mawili ambayo wagonjwa huyachanganya. Diski bandia hujaribu kuhifadhi mjongeo. Keji huuondoa kwa makusudi. Vingi vya vipandikizi vinavyotanuka vilivyoko sokoni ni keji, kwa hiyo mgonjwa anayewekewa hapati diski mpya. Pingili zake mbili zinaunganishwa.

Jeki katikati ya pingili

Kwa nini keji itanuke? Mpasuaji anayepita nyuma au ubavuni mwa nyuma hufanya kazi pembeni mwa neva. Akitaka kuweka keji ya kimo kisichobadilika, tuseme milimita 12, lazima aisogeze neva kiasi cha kupitisha milimita 12, kisha aigonge kwa nyundo. Neva inavutwa, na bamba linakwaruzwa au kuvunjika. Keji inayotanuka huingia na milimita 7 au 8, na ikishakaa mahali pake hufunguliwa. Ndani yake huwa na skrubu inayovuta kabari mbili zikasukuma bamba la juu na la chini, au hutumia shinikizo la maji. Nyingine hutanuka zaidi upande wa mbele ili kurudisha mbinuko wa kiuno. Kimo kikirudi, tundu ambalo neva hutokea hupanuka, na neva hupumua hata pale ambapo mfupa unaoibana haukukatwa.

Fundi yeyote wa gereji ataitambua kazi hii: ni jeki. Na fundi huyo huyo atakuambia kwamba jeki nzuri ikiwekwa juu ya mchanga, gari halipandi, jeki ndiyo inayozama. Hapo ndipo lile bamba linaporudi. Bibi wa miaka 70 ambaye mifupa yake imepungua uzito anaweza kuwekewa keji ya kisasa kabisa, mpasuaji akazungusha skrubu na kuona kimo kinaongezeka kwenye eksirei ya chumba cha upasuaji, kumbe kinachosogea ni keji kupenya mfupa. Mkono unaozungusha bisibisi hauhisi vizuri tofauti kati ya diski inayofunguka na bamba linalovunjika.

Malighafi nayo ina neno. Aloi ya titani ni ngumu mara kadhaa kuliko mfupa mgumu. Plastiki iitwayo PEEK ina unyumbufu ulio karibu zaidi na wa mfupa, lakini mfupa haushikani nayo vizuri kama unavyoshikana na titani. Na mashine ndogo iliyomo ndani ya keji inayotanuka inakula nafasi ambayo ingejazwa mfupa wa kupandikiza. Ikumbukwe kwamba mwisho wa safari ni mfupa kuota. Usipoota, chuma chochote hulegea au huvunjika kwa kuchoka. Mvutaji sigara yuko hatarini zaidi katika hili.

Lilikuwepo jaribio la kuiga diski ya asili kwa karibu zaidi. Charles Ray wa Marekani alibuni mto mdogo wa haidrojeli ndani ya mfuko wa nyuzi za plastiki. Uliingizwa ukiwa mkavu, kisha ukanyonya maji ya mwili na kuvimba mahali pa kiini. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo la kiungwana kuliko yote katika mada hii. Kilichouangusha ni mlango: pete iliyokatwa ili mto uingie ndiyo hiyo hiyo ambayo mto uliitumia kutoka, na wagonjwa kadhaa wakarudi chumba cha upasuaji.

Ushahidi una uzito gani?

Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizishusha keji za kuunganisha pingili kutoka daraja la juu la hatari hadi la kati. Tangu hapo keji nyingi mpya huingia sokoni kwa kuonyesha kwamba zinafanana vya kutosha na zilizotangulia, bila jaribio kubwa la wagonjwa. Diski bandia hazikupewa njia hiyo. Kwa hiyo kijitabu cha keji inayotanuka hujaa vipimo vya maabara: imebanwa mara ngapi, imehimili nyutoni ngapi. Hayo ni ya kweli, lakini hayamwelezi mgonjwa kama atarudi shambani. Tafiti zilizolinganisha keji zinazotanuka na zisizotanuka hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba wagonjwa wa kundi la kwanza wanapona vizuri zaidi, ingawa picha zao mara nyingi hupendeza.

Hata kuunganisha pingili kwenyewe, kwa maumivu ya mgongo yasiyo na neva iliyobanwa, kuna utata. Jaribio la Uswidi la mwaka 2001 lilipendelea upasuaji. La Norwe mwaka 2003 na la Uingereza mwaka 2005, ambayo yalitumia programu nzito ya mazoezi na ushauri kama mbadala, hayakuona tofauti iliyo wazi. Wanafiziotherapia mliomo humu, hayo ni matokeo ya kazi yenu.

Kwetu

Afrika Mashariki ina jambo ambalo vijitabu vya Ulaya hulipa mstari mmoja. Diski iliyoharibika inaweza kuwa imeliwa na kifua kikuu, na kwa jamii za wafugaji, wakati mwingine na bruselosi. Kifua kikuu hula diski pamoja na pingili za jirani, mgongo ukapinda na kutoa nundu, na uboho ukabanwa. Dawa ndizo tiba. Pale ambapo upasuaji unahitajika, keji ndefu zinazotanuka hadi kujaza nafasi ya pingili nzima iliyoondolewa zina kazi halali kabisa, kwani nafasi hiyo haijulikani urefu wake mpaka usaha na mfupa uliooza vimetolewa. Bakteria wa kifua kikuu hawajengi utando mzito juu ya chuma kama bakteria wa majipu, hivyo chuma kinaweza kukaa mradi dawa zinaendelea. Katika matumizi haya naziunga mkono bila kusita.

Kwa diski iliyochakaa kwa umri, naomba taasisi zetu zikubaliane mambo matatu kabla ya kuagiza. Mgonjwa aliyevuka miaka 50 apimwe uzito wa mifupa kabla ya kupangiwa keji, na mifupa dhaifu itibiwe kwanza. Kila anayewekewa apewe kadi yenye aina, namba na kimo cha kipandikizi chake, ili akipata shida akiwa Kigoma au Garissa, daktari atakayempokea ajue anachokitazama. Na msambazaji asiyeweza kuleta bisibisi ya kukifungia na kukitolea kifaa chake asipewe zabuni.